Masikio Yanayovuma: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Vifaa na Tiba

Ukurasa huu unajibu maswali ambayo watu wa Arusha na Moshi wamekuwa wakiniuliza tangu walipojua kwamba nami masikio yangu yanavuma. Nilifundisha useremala kwa zaidi ya miaka ishirini, nikisimama karibu na mashine ya randa bila kuziba masikio, na tangu 2009 ninasikia sauti nyembamba kama ya nyenje, katika masikio yote mawili, ambayo hainyamazi usiku wala mchana. Mimi si daktari. Nimesoma, nimepimwa, nimenunua vitu vilivyonifaa na vitu visivyofaa kitu, na ninaandika ili anayeanza safari hii asitumie fedha zake pale ambapo mimi nilizipoteza zangu.

Mlio huu ni nini hasa?

Ni sauti ambayo mtu huisikia ilhali hakuna chochote nje kinachoitoa. Wataalamu huiita tinitasi. Sisi husema masikio yanavuma, yanalia au yanapiga kelele. Kwa mmoja ni filimbi, kwa mwingine ni mvuke wa birika, kwa mwingine ni jenereta ya mbali. Uchambuzi wa tafiti za nchi nyingi uliochapishwa mwaka 2022 ulikadiria kwamba takriban watu wazima 14 katika kila 100 wamewahi kuwa nao, na kwamba kwa watu wawili hivi katika kila 100 huwa mkali kiasi cha kuwasumbua sana.

Mara nyingi chanzo huwa ni kupungua kwa usikivu, hata kule kudogo ambako mwenyewe hajakugundua. Ndani kabisa ya sikio, katika sehemu yenye umbo la konokono, kuna seli zenye vinywele vidogo mno zinazopokea sauti. Zikiharibiwa na kelele, umri au dawa fulani, hazioti tena. Ubongo unapokosa sauti uliyoizoea hufanya kama mtu anayeongeza sauti ya redio pale stesheni inapopotea: hapati stesheni, bali anaukuza mkwaruzo. Nimeueleza mfano huu kwa sababu karibu kila kifaa chenye manufaa hufanya kazi kwa kuurudishia ubongo sauti ulizokosa, au kwa kuufundisha kutojali mkwaruzo ule.

Wapo watakaokuambia kwamba sikio likilia kuna mtu anakusema, na wapo watakaokupeleka kwa waganga wakidhani ni majini. Mlio wa kudumu ni jambo la mwili, na mahali pa kuanzia ni hospitali.

Ni dalili gani zinazonitaka niende hospitali mara moja?

Usikivu ukipotea ghafla, ndani ya saa chache au siku tatu, hiyo ni dharura, hata kama hakuna maumivu. Dawa za steroidi zikianza mapema zinaweza kusaidia kuokoa usikivu, na kila siku inayopita hupunguza nafasi hiyo. Linaloniumiza ni kwamba watu wengi huambiwa ni mafua yameziba sikio, wakasubiri wiki tatu, na walipofika kwa daktari wa masikio muda ulikuwa umekwisha.

Vilevile usikae nyumbani ikiwa mlio uko sikio moja tu, ikiwa unapiga kwa mwendo wa mapigo ya moyo, ikiwa unaambatana na kizunguzungu kikali, usaha au uso kupinda upande, au ikiwa ulianza baada ya kuumia kichwa. Mlio wa sikio moja unaweza kutokana na uvimbe kwenye mshipa wa fahamu wa kusikia, ambao kwa kawaida si saratani lakini lazima utafutwe. Mlio unaodunda pamoja na moyo humfanya daktari achunguze mishipa ya damu, shinikizo la damu na upungufu wa damu.

Na ikiwa mlio umekufikisha mahali pa kufikiria kujiua, mwambie mtu aliye karibu nawe sasa hivi na mwende hospitali usiku huohuo. Kukata tamaa huko kunatibika, hata kabla mlio wenyewe haujashughulikiwa.

Nianzie wapi nikiwa Arusha au Moshi?

Anza kwenye kituo cha afya kilicho karibu nawe, daktari aangalie ndani ya sikio, kwa sababu nta iliyoganda inaweza kuleta mlio na kuondolewa kwake kukaumaliza. Usiitoe mwenyewe kwa njiti ya kiberiti, ufunguo au unyoya wa kuku. Nimeona ngoma ya sikio iliyotobolewa kwa njia hiyo. Kama tatizo si nta, omba rufaa ya kwenda kwa daktari wa masikio, pua na koo. Kwa mkoa wa Kilimanjaro wengi huelekezwa KCMC, hospitali iliyofunguliwa Moshi mwaka 1971, ambako wagonjwa wa Arusha pia hupelekwa. Umbali wa kilomita 80 hivi ni mfupi ukilinganisha na safari ya Dar es Salaam. Walioko Arusha huanzia pia kwenye hospitali za mjini humo, Mount Meru au ALMC. Kabla ya kufunga safari, piga simu uulize siku za kliniki ya masikio na kama siku hiyo kipimo cha usikivu kitafanyika, kwa sababu bila kipimo hicho utarudi nyumbani ukiwa na nusu ya jibu.

Nenda na orodha ya dawa zote unazotumia. Kwinini, aspirini ya kiwango kikubwa, sindano za jentamaisini na streptomaisini, baadhi ya dawa za kuongeza mkojo na baadhi ya dawa za saratani zinaweza kuleta mlio. Mlio wa kwinini na wa aspirini kwa kawaida hupungua dawa inapoachwa. Wa sindano za aina ya jentamaisini unaweza kubaki. Wapo ndugu zetu waliotibiwa kifua kikuu sugu miaka ya nyuma kwa sindano za kanamaisini, wakapona kifua na kubaki na masikio yanayovuma. Shirika la Afya Duniani liliacha kuipendekeza dawa hiyo kuanzia miaka ya 2018 na 2019. Hata hivyo, usiache dawa yoyote kwa uamuzi wako. Mwambie aliyekuandikia, naye ataamua kama ipo nyingine ya kuweka mahali pake.

Kwa nini unasisitiza kipimo cha usikivu kabla ya kununua chochote?

Kwa sababu kipimo ndicho kinachotenganisha watu wawili wenye malalamiko yaleyale. Mtu hukaa chumba tulivu, huvalishwa spika za masikioni na kuonyesha kila anaposikia sauti ndogo za nyuzi tofauti, yaani nene na nyembamba. Matokeo huchorwa kama mstari kwenye karatasi. Aliyepungukiwa na usikivu wa sauti nyembamba, kama mimi, anaweza kunufaika na mashine ya kusikia. Ambaye usikivu wake ni mzima akinunua mashine hiyo ametupa fedha, na huenda tiba ya mazungumzo ndiyo inayomfaa. Nakusihi uiombe karatasi hiyo na uitunze, maana miaka mitano baadaye itakuonyesha kama hali imebadilika.

Mashine ya kusikia inapunguza mlio?

Kwa mtu aliyepungukiwa na usikivu, mara nyingi ndiyo, na kama ningeruhusiwa kupendekeza kifaa kimoja tu kwa watu wa aina hiyo, ningependekeza hiki. Mwongozo wa chama cha madaktari wa masikio, pua na koo wa Marekani wa mwaka 2014 unashauri mgonjwa mwenye mlio unaomsumbua na aliyepungukiwa na usikivu apimwe ili apatiwe mashine. Kibatari ukikiwasha usiku kinaonekana chumba kizima. Ukikiwasha saa sita mchana uani, hakuna anayekitazama. Mashine inarudisha sauti za mchana: majani, maji ya bomba, ndege, mazungumzo ya jirani. Mlio haujazimika, ila umepata wenzake. Kuna na faida ya pili ambayo watu huisahau: ukisikia vizuri huchoki kwa kukaza masikio siku nzima, na uchovu ni rafiki mkubwa wa mlio.

Lazima niseme pia ukweli usiopendeza. Mapitio ya tafiti yaliyofanywa mwaka 2018 na Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wanaokusanya na kupima tafiti za tiba, yaliyojumuisha tafiti nane zenye watu 590, hayakupata ushahidi kwamba mashine ya kusikia inashinda kifaa cha kutoa sauti au mashine yenye vyote viwili. Watu waliboreka katika makundi hayo kwa kiwango kinachokaribiana. Kwa hiyo muuzaji akikuambia uongeze mamilioni ili upate mashine yenye "programu maalumu ya mlio", muulize faida ya nyongeza hiyo imeonyeshwa wapi. Mashine ya kawaida iliyorekebishwa vizuri kwa karatasi yako ya kipimo ni bora kuliko ya gharama iliyorekebishwa ovyo.

Tofautisha mashine ya kusikia na vile vipaza sauti vidogo vinavyouzwa mtandaoni na barabarani kwa bei ndogo. Kipaza sauti hukuza kila kitu kwa kiwango kimoja, honi ya daladala pamoja na sauti ya mjukuu, na kinaweza kukuumiza. Mashine halisi hukuza nyuzi ulizozipoteza tu na huzuia sauti kubwa zisipite kiwango fulani.

Mambo ya matumizi ya kila siku ni haya. Betri ndogo za mviringo hudumu wiki moja hadi mbili, hivyo uliza namba yake na uhakikishe inapatikana mjini kabla ya kulipa. Namba 13 ina alama ya rangi ya chungwa na namba 312 ya kahawia. Zipo mashine za kuchaji, ambazo ni nafuu kwa mwenye umeme wa uhakika. Vumbi la kiangazi na jasho ni maadui, kwa hiyo ifute kila jioni na uilaze kwenye kopo lenye vile vifuko vya kunyonya unyevu. Halafu jipe muda. Wiki za kwanza karatasi ikikunjwa utadhani bati linang'olewa. Wengi huiweka kabatini wiki ya pili, na hao ndio wanaosema mashine hazifanyi kazi. Rudi kwa mtaalamu aipunguze au aiongeze, hata mara tatu.

Mwalimu, nikivaa mashine watu hawataniona mzee?

Swali hili huulizwa kwa sauti ya chini na wanaume kuliko wanawake. Mashine nyingi za sasa hukaa nyuma ya sikio zikiwa na mrija mwembamba usioonekana kwa urahisi. Anayekuuliza jambo mara tatu bila kusikia jibu ndiye anayeonekana mzee.

Vipi kuhusu vifaa vya kutoa sauti? Simu yangu inatosha?

Kwa wengi simu inatosha, nami ningeanza nayo kabla ya kulipia kitu. Zipo programu za bure zenye sauti za mvua, mto, upepo na mvumo wa redio isiyo na stesheni. Zipo pia spika bapa za kuweka chini ya mto wa kulalia ili mwenzako asisumbuke. Moshi, ambako joto hulazimisha feni, watu wengi wamekuwa wakijitibu bila kujua. Arusha usiku wa Juni na Julai ni tofauti: madirisha yamefungwa, hakuna feni, mji umenyamaza, na mlio unaonekana kujaa chumba kizima. Katika miezi hiyo mimi huweka redio chini chini kabisa. Jamaa yangu wa Machame hulala dirisha likiwa wazi kidogo upande wa mfereji, na maji yanayopita humfanyia kazi ile ile bila gharama.

Kosa kubwa ni kuongeza sauti hadi ifunike mlio. Iweke chini kidogo ya mlio, uweze kuvisikia vyote viwili, kwa sababu ubongo hauwezi kuzoea kitu usichouruhusu kukisikia. Ukiongeza sana unaharibu masikio yaleyale unayoyatibu. Kifaa cha kuvaa sikioni kinachotoa mvumo mchana kutwa kina manufaa kwa anayefanya kazi ofisi ya kimya au maktaba, lakini kwa mama anayeuza sokoni Kilombero, sauti anazo tayari.

Nimesikia habari za tiba ya kuuzoesha ubongo upya. Ina thamani?

Tiba hiyo ilitokana na nadharia aliyoichapisha Pawel Jastreboff mwaka 1990, na inaunganisha maelezo ya kina kwa mgonjwa pamoja na vifaa vya kutoa mvumo sikioni kwa miezi mingi. Nadharia yake imewasaidia watu kuelewa kwamba kinachotesa si ukubwa wa sauti bali maana ambayo ubongo umeipa. Hata hivyo, jaribio lililochapishwa Marekani mwaka 2019, likiwa na watu 151 kutoka jamii ya wanajeshi, lililinganisha tiba kamili, tiba ileile yenye vifaa visivyotoa mvumo unaostahili, na huduma ya kawaida yenye ushauri mzuri. Makundi yote matatu yaliboreka, na hapakuwa na tofauti ya maana baina yao baada ya miezi 18. Ninachokipata humo ni kwamba maelezo mazuri na muda hufanya kazi kubwa, na kwamba hulazimiki kununua vifaa hivyo ili kuvipata.

Tiba ya mazungumzo itanisaidiaje, ilhali tatizo liko sikioni?

Hapa ndipo watu wanapokasirika, wakidhani wanaambiwa kwamba mlio ni wa kufikirika. Nami nilikasirika. Lakini katika yote niliyoyasoma, tiba hii ya kurekebisha fikra na mwenendo ndiyo yenye ushahidi mzito kuliko zote. Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2020 yalikusanya tafiti 28 zenye watu 2,733 na kukuta kwamba hupunguza jinsi mlio unavyovuruga maisha, angalau hadi tiba inapomalizika; ushahidi wa miezi sita na mwaka mmoja baadaye bado ni haba. Haipunguzi ukubwa wa sauti, na anayeiuza kwa ahadi hiyo hasemi kweli.

Inavyofanya kazi ni hivi. Mlio unapanda usiku, wazo linakuja kwamba "nitapata wazimu", moyo unakimbia, mwili unakuwa macho kama aliyesikia mwizi, na ubongo ulio macho hutega sikio zaidi, ukaukuta mlio umekua. Mtaalamu anakufundisha kulikamata wazo hilo, kuliandika daftarini, na kulihoji kwa ushahidi: ni mara ngapi umefikiri hivyo, na ni mara ngapi ulipata wazimu? Pamoja na hilo unapangiwa saa za kulala na kuamka, unafundishwa kulegeza mwili kwa pumzi, na unarudishwa taratibu kwenye mambo uliyoyaacha, kama kwaya, msikiti, harusi au kusoma. Mimi nilihudhuria vikao vinane. Baada ya kikao cha tano nililala saa sita mfululizo kwa mara ya kwanza katika mwaka mzima, na nyenje wangu alikuwa palepale.

Wanasaikolojia tiba si wengi katika mikoa yetu, lakini uliza hospitali kubwa zenye kitengo cha afya ya akili. Washauri nasaha, ambao tumewazoea kwenye kliniki za VVU, baadhi yao wamefundishwa misingi hiyohiyo. Ukimpata mmoja aliye makini, mweleze unachotafuta. Tafiti zimeonyesha kwamba tiba hii hufaa hata ikitolewa kwa njia ya intaneti, ingawa programu nyingi za namna hiyo ni za Kiingereza, na mzee asiyekijua atahitaji mtoto wake akae naye.

Kipo kifaa cha Ulaya kinachowekwa kwenye ulimi. Nikiagize?

Kinaitwa Lenire na kinatengenezwa na kampuni ya Dublin, Ireland. Mtumiaji husikiliza sauti kwa spika za masikioni huku kipande kidogo kikichokoza ulimi kwa umeme hafifu, hadi saa moja kwa siku kwa wiki 12 hivi. Wazo lake ni kwamba hisia mbili zikija pamoja zinaweza kubadili namna ubongo unavyoishughulikia sauti. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliruhusu kiuzwe mwezi Machi 2023. Utafiti wake wa kwanza mkubwa, wa mwaka 2020, ulikuwa na watu 326, na wengi wao waliripoti nafuu, lakini haukuwa na kundi lililopewa kifaa cha bandia, na hilo ni pengo kubwa kwa ugonjwa ambao matumaini peke yake huleta nafuu. Utafiti uliofuata, wenye watu 112 na uliochapishwa mwaka 2024, uliwapa watu sauti peke yake kwa wiki sita, kisha sauti na ulimi kwa wiki sita. Waliokuwa na mlio wa kiwango cha kati na kuendelea walipata nyongeza ya nafuu, wenye mlio mdogo hawakuipata.

Maoni yangu ni kwamba wazo hilo ni la kuheshimiwa, lakini kwa mtu wa kwetu bado si chaguo la kwanza. Gharama ni maelfu ya dola, kinahitaji mtaalamu wa kukirekebisha kwa kipimo chako, na kikiharibika utakirudisha Ulaya. Mwenye fedha hizo, ambaye hajapimwa usikivu wala hajajaribu mashine na tiba ya mazungumzo, aanze na hivyo. Yapo pia majaribio ya Chuo Kikuu cha Michigan yanayochokoza shingo au taya pamoja na sauti. Jaribio lao la watu 99 lilichapishwa mwaka 2023, likiwa na kundi la kulinganisha, na ndilo ninalolifuatilia kwa matumaini zaidi.

Sumaku na mishumaa ya sikioni je?

Mashine za hospitali zinazopeleka nguvu ya sumaku kwenye ubongo zimejaribiwa kwa uangalifu, na mwongozo ule wa Marekani wa 2014 unashauri zisitumike kama tiba ya kawaida ya mlio. Sumaku za kubandika nyuma ya sikio hazistahili hata mjadala. Nilinunua jozi yake, pamoja na matone ya mafuta, kutoka kwa muuzaji aliyeniahidi ukimya ndani ya siku 14. Nilitumia karibu mshahara wa mwezi, na siku ya kumi na tano nyenje aliamka na mimi. Mishumaa ya kuwasha sikioni haitoi nta na imewaunguza watu.

Kuna dawa?

Hakuna dawa iliyothibitishwa kuuondoa mlio wa kudumu. Mwongozo wa Marekani unashauri dhidi ya ginko (dawa ya majani ya mti), melatonini (homoni ya usingizi) na madini ya zinki kwa ajili hiyo, na mwongozo wa Uingereza wa Machi 2020 unasema betahistini, dawa ya kizunguzungu, isitolewe kutibu mlio peke yake. Dawa za msongo na za usingizi zina nafasi yake ikiwa kuna sonona au wasiwasi mkubwa, chini ya daktari. Zile za usingizi zinazozoeleka mwilini ni rahisi kuzianza na ni vigumu kuziacha. Nawaheshimu waganga wa tiba asili waliosajiliwa, lakini usikubali kitu chochote kimiminwe ndani ya sikio ambalo ngoma yake haijaangaliwa.

Maumivu ya taya au shingo ni jambo la pekee. Ikiwa mlio hubadilika unapouma meno au kugeuza kichwa, mwambie daktari, kwani daktari wa meno au mtaalamu wa fiziotherapia anaweza kusaidia.

Nimeambiwa niache kahawa.

Kumwambia mtu wa Kilimanjaro aache kahawa ni jambo zito, na sijaona ushahidi wa kulihalalisha. Utafiti wa Marekani uliofuatilia wanawake zaidi ya 65,000 na kuchapishwa mwaka 2014 ulikuta wanaokunywa kafeini nyingi walipata mlio mara chache zaidi kuliko wanaokunywa kidogo. Hilo haliifanyi kahawa kuwa dawa. Usinywe ya jioni ikiwa inakunyima usingizi, basi.

Nitajuaje kwamba kifaa nilichonunua kinanisaidia kweli?

Ningependa swali hili liulizwe kwanza na kila mtu, kwa sababu mlio hupanda na kushuka wenyewe, na mtu aliyelipa fedha nyingi hutamani sana kuona nafuu. Ipo hojaji maarufu ya maswali 25, iliyotungwa Marekani mwaka 1996, inayouliza jinsi mlio unavyoathiri usingizi, umakini, hasira na mahusiano. Kila jibu la "ndiyo" ni alama 4, la "wakati mwingine" 2, la "hapana" 0. Jumla ya juu ni 100. Alama 38 hadi 56 huhesabiwa kuwa athari ya kiwango cha kati, na 58 kwenda juu kali. Mwombe mtaalamu akupitishe humo kabla ya kuanza, kisha baada ya miezi mitatu. Zikipungua kwa alama zisizofika saba, usijiambie umepata nafuu. Mimi nilianza na 64, na mwaka mmoja baada ya mashine na vikao nilikuwa na 28.

Ikiwa hojaji haipatikani, chagua mambo matatu ya maisha yako, kwa mfano saa za usingizi, kurasa unazoweza kusoma mfululizo, na mara ngapi umekwenda ibadani, uyaandike kila Jumapili. Usiandike ukubwa wa mlio kila siku. Anayeupima kila saa anaufundisha ubongo kwamba ni jambo la muhimu, na huo ndio ugonjwa wenyewe.

Nimuulize nini muuzaji?

Muulize kama kifaa kimesajiliwa na TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Muulize kama utapewa siku 30 za kujaribu na kurudishiwa fedha, nani atakirekebisha, vipuri viko wapi, na kama bei inajumuisha kurudi kwake mara kadhaa. Omba akuandikie. Mwenye bima aulize mapema nini kinalipiwa, akiwa na barua ya daktari mkononi. Anayekuahidi tiba ya kudumu, au anayekuhimiza ulipe leo kwa sababu punguzo linaisha, achana naye.

Na upandikizaji wa kifaa cha usikivu?

Huo, yaani kuweka kifaa ndani ya sikio kwa upasuaji, ni kwa viziwi au waliopoteza usikivu kwa kiwango kikubwa, ambao mashine haiwasaidii. Wengi wao mlio hupungua baada ya upasuaji, lakini haufanywi kwa ajili ya mlio peke yake. Muhimbili walianza huduma hiyo mwaka 2017.

Kazi yangu ina kelele. Niiache?

Si lazima, ila linda ulichobakiwa nacho. Kiwango kinachotumika kimataifa ni desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 85 kwa saa nane, na kila nyongeza ya desibeli tatu hukata muda huo nusu. Kwa desibeli 100 ni robo saa tu. Wasaga nafaka, wachomeleaji vyuma, wakata mawe, wachimbaji wa Mererani wanaochoronga na kulipua, na vijana wanaosimama kando ya spika za harusi wako juu ya viwango hivyo. Vizibo vya povu vya bei ndogo, vikiingizwa vizuri, vinatosha kwa kazi nyingi. Lakini usivivae nyumbani wala sokoni kwa hofu. Sikio linalofichwa muda wote huwa jepesi kukereka na sauti za kawaida.

Mlio ulikuwa umetulia miaka miwili, sasa umerudi kwa nguvu. Nimeharibu nini?

Huenda hujaharibu kitu. Wangu hupanda nikiwa na homa, nikikesha msibani, au wiki za mavuno nisipopata usingizi, kisha hushuka ndani ya siku kumi hivi. Kama umeongezewa dawa mpya, umepigwa na kelele kubwa, au usikivu nao umepungua, rudi upimwe ukiwa na karatasi yako ya zamani. Kama hakuna hata kimoja, rudisha redio chini chini, rudisha saa za kulala, toa daftari la vikao. Mwambie na mwenzako nyumbani. Mke wangu sasa hajaniuliza "bado unalia?" kwa miaka mingi, akiniona nimetulia mno mezani huinuka na kufungua dirisha, sauti za mtaa ziingie.